Kaimu Hana Kaimu

Mei 28

Bwana Hartnell ameondoka leo kwa treni ya asubuhi. Nilimsindikiza stesheni na gwaride dogo la askari, kama ilivyo desturi, na mbwa wake Rufus alilia mpaka abiria wa daraja la tatu wakachungulia madirishani. Hikimdari wetu, mkuu wa polisi wa wilaya nzima ya Wad Rahma, yumo njiani kwenda kwao Uingereza kupunga upepo, na mimi, kapteni wake, Yuzbashi Mirghani Shaddad, ni kaimu wake. Huu ni mwaka wa kumi na moja nakaimu. Wamepita Mahikimdari wanne. Joto likianza kupasha maji ndani ya mtungi, wao huondoka. Mvua zikiisha, hurudi. Mimi huwakabidhi funguo zao kama nilivyozipokea, kisha narudi kwenye meza yangu ya nyuma, karibu na choo.

Rawda, mke wangu, ndiye aliyesema nianze kuandika. Anasema msimu wa likizo ukifika huwa nazungumza peke yangu, na majirani wanasikia.

Mwaka huu kuna jambo. Mama anataka kwenda hija. Baba amefariki, Mama hana ndugu wa kiume aliye hai, na mwana ni mimi tu. Wa kufuatana naye ni mimi. Sasa hija inaangukia mwisho wa Agosti, katikati kabisa ya likizo za wakubwa. Mwezi wa mbinguni haujui kalenda ya Waingereza: kila mwaka hija inarudi nyuma kidogo, na kwa hesabu yangu haitatoka kwenye msimu huu mpaka Mama akaribie miaka themanini. Magoti yake hayatasubiri.

Nilimweleza Bwana Hartnell tangu Februari. Akakubali kuondoka mapema kuliko kawaida yake, kwa ajili yangu. Akasema, "Mirghani, wiki ya kwanza ya Agosti nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki, na wewe utakuwa njiani." Tukapeana mikono. Ni mtu wa kweli, hajawahi kunidanganya.

Mei 30

Rufus hataki kula. Nimemwambia mpishi amjaribu na maini.

Juni 6

Kadhi alipita alasiri kumsalimia Mama. Akamweleza kwa upole kwamba kwa madhehebu yetu mwanamke anaweza kwenda hija na kundi la wanawake waaminifu, si lazima amsumbue mwanawe mwenye kazi ya serikali.

Mama alikuwa anachagua mtama. Hakuinua kichwa. "Waaminifu? Wa mji huu?"

"Wapo, Mama Toma."

"Nitajie mmoja."

Kadhi akafikiri. Akanywa kahawa. Akafikiri tena.

"Umeona," Mama akasema. "Na kule bandarini Suakin wanakuuliza jina la mwanamume wako kabla hawajakuuliza lako. Halafu nikianguka kwenye ule umati, mwanamke gani ataniinua na uzito huu? Nitakwenda na Mirghani wangu."

Bashshawish Dafalla alikuwepo pia. Ni sajenti meja wetu wa zamani, amestaafu, ndiye aliyenifundisha kushika bunduki nilipokuwa kuruta mwembamba. Kila Ijumaa huja kunywa kahawa kwetu, hukaa mgongo wima, haegemei. Yeye naye amejiandikisha kwenda hija mwaka huu. Mgane, watoto wake wako mbali. Alicheka maneno ya Mama mpaka akapaliwa, kisha akaniomba radhi mimi kana kwamba tuko gwarideni.

Juni 15

Dhoruba ya vumbi tangu adhuhuri. Mchanga umeingia kwenye kisra, mkate wetu wa mtama, kwenye chai, kwenye masharubu.

Juni 23

Msaidizi wa Hikimdari, Mwingereza wetu wa pili, ameitwa El Obeid kumkaimu mwenzake aliyekwenda likizo. Mahali pake tumeletewa Mulazim Khojali, luteni kijana aliyetoka chuo juzi. Nywele zinang'aa mafuta, anapiga mluzi ofisini, na viatu vyake vinalia.

Alinikuta nimekaa ubavuni mwa meza ya Hikimdari, kwenye kiti cha wageni.

"Afande, unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Naendesha wilaya."

"Kutoka kiti cha wageni?"

Nikamwambia ni desturi: kaimu hakalii kiti cha Hikimdari.

"Nani aliyeiweka hiyo desturi?"

Sikujua, nikamtuma akakague zizi la farasi. Alikwenda anapiga mluzi. Huyu atanizeesha kabla ya Agosti.

Julai 4

Mama na mimi tumechanjwa ndui na kipindupindu. Mkono wake umevimba, naye anauonyesha kwa kila mgeni kwa fahari, kama askari mwenye nishani. Ameshona ihramu yangu mwenyewe, ingawa haina pa kushona. Amekata tu kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Julai 11

Mvua ya kwanza ya maana. Mto umebadilika rangi, umekuwa wa udongo. Khojali ameandika taarifa ya wizi wa mbuzi kwa kurasa saba. Nimemrudishia. Kaileta tena, kurasa sita.

Julai 19

Nimepokea simu ya maandishi. Naiandika kama ilivyo: "Mke wangu amefanyiwa upasuaji, hali si nzuri. Likizo imeongezwa hadi katikati ya Septemba. Nisamehe kwa ajili ya mama yako. Hartnell."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuiweka hasira. Mkewe namjua. Mwanamke mpole, alikuwa akinipa mbegu za waridi nimpelekee Rawda, na mawaridi hayakuota hata siku moja, na kila mwaka alinipa nyingine. Angekuwa Rawda, hata mimi nisingepanda meli. Na yeye, katika hali ile, alimkumbuka Mama. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

Lakini meli ya mwisho ya mahujaji haijui habari za upasuaji. Inang'oa nanga Suakin katikati ya Agosti, na kutoka hapa mpaka kule ni siku kadhaa za treni, na karantini juu yake.

Sijamwambia Mama. Nilipoingia nyumbani alikuwa anauliza kama Makka kuna bamia.

Julai 21

Nilipeleka simu makao makuu, Khartoum, nikaomba ofisa yeyote wa kunipokea kwa majuma sita. Jibu limekuja leo: hakuna ofisa. Wote wako likizo, au wanawakaimu walio likizo. Nikaomba basi nimkaimishe Mulazim Khojali. Jibu: kwa mujibu wa kanuni, kaimu haruhusiwi kukaimisha. Chini yake karani ameongeza, kwa wema nadhani, kwamba hija ipo kila mwaka.

Miaka kumi na moja nimeshika nafasi za watu ili wakawaone mama zao. Leo nimehitaji mmoja wa kushika yangu. Nimeandika sentensi hii, nimeisoma, na naiacha ilivyo.

Julai 22

Nimemwambia Mama. Alisema, "Mungu ndiye anayealika." Kisha akaniambia nile. Alipodhani simwoni aliirudisha ile ihramu sandukuni.

Julai 25

Khojali alifunga mlango wa ofisi, jambo asilolifanya, na hakupiga mluzi.

"Afande, nenda."

"Niende wapi?"

"Hija. Nenda na mama. Mimi nitabaki. Simu zikija najibu kwa jina lako. Nani atajua? Khartoum hawajawahi kuja hapa wakati wa mvua, barabara hakuna."

"Na kukitokea jambo?"

"Likitokea litatokea uwepo usiwepo."

"Watakufukuza kazi, mjinga wewe."

"Basi nitarudi kwetu nikauze vitunguu. Baba yangu atafurahi, hakutaka niwe polisi."

Nilimfukuza ofisini kwa ukali. Lakini maneno yake yamenifuata kutwa nzima, na jioni nilijikuta nachambua nguo za safari. Yule kijana nilimdharau kwa sababu ya mafuta ya nywele. Sikutegemea kwamba ana moyo wa namna hii.

Julai 27

Nilimwambia Mama tunakwenda. Nikamweleza mpango wa Khojali, nikiupaka sukari kidogo.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo utakuwa umetoroka kazini."

"Si kutoroka, Mama. Ni..."

"Ni nini?"

Nikaanza kuufunga na kuufungua ukanda wangu.

"Baba yako alitembea na bunduki ya serikali maisha yake yote, hakuiacha hata alipokuwa na homa. Sasa mimi nikasimame Arafa na askari mtoro? Niseme nini pale? Ee Mola nipokee, huyu hapa mwanangu nimemwiba? Hapana. Hija ya wizi siitaki."

"Mama, ni mwaka huu au..."

"Najua ni mwaka huu au. Usinimalizie."

Nimezirudisha nguo zangu kabatini.

Julai 30

Mvua. Mto umepanda mpaka ngazi ya chini ya gati. Mama haongei sana. Amekaa mlangoni anaangalia maji yakipita.

Agosti 2

Leo sijui hata nianzie wapi.

Nilirudi mchana nikamkuta Mama amejipaka hina miguuni. Rawda alikuwa jikoni amejifunika uso kwa tobu yake ya kujitanda, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kaa," Mama akaniambia. Nikakaa. "Wewe uliomba kaimu Khartoum, wakakunyima."

"Ndiyo."

"Mimi sikuandika barua. Nimepata."

"Umepata nini?"

"Kaimu wako. Dafalla."

Nikadhani joto limempanda kichwani. Nikamwambia, Mama, Bashshawish si ndugu yetu, si maharimu wako, hawezi kufuatana nawe hata mpaka sokoni.

"Akinioa ataweza."

Nadhani nilisimama. Rawda anasema niliruka.

"Ana magoti mazima," Mama akaendelea kana kwamba anasifu punda, "hana mke, jina lake tayari limo melini, na husali kwa wakati. Mume ni maharimu, si maharimu?"

"Mama! Watu watasema nini?"

"Watasema nimeolewa. Itakuwa kweli, si kama mengine wanayoyasema."

"Amekuja kukuposa yeye? Huyu mzee nimempa kahawa yangu miaka yote hii..."

"Mwache mtu wa watu. Nilimwambia mimi. Ijumaa, ulipokuwa unanawa. Kikombe kikamtoka mkononi, nikampa kingine."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Alisimama akapiga saluti."

Hapo Rawda alitoka jikoni kwa mbio akaenda kuchekea uani. Mimi sikucheka. Nilimuuliza na wakirudi itakuwaje.

"Tukirudi kila mtu kwake. Haya ni mambo ya safari. Au ulidhani nataka kuzaa?"

Nimeondoka bila kula. Nimetembea mpaka ofisini, nikakaa kwenye kiti changu cha wageni na kumwangalia Rufus, naye akaniangalia.

Agosti 3

Rawda aliniuliza kinachoniuma ni nini hasa. Nikasema ni aibu. Akasema, "Aibu gani? Kwa umri wa miaka sabini anaolewa kwa halali na mtu mwema. Wengine wanatafuta hilo wakiwa na ishirini wanakosa."

Kisha usemi ukanitoka: nafasi ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyetakiwa kumshika mkono pale kwenye umati. Tangu nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaliongea hilo, mimi na yeye, akisuka mikeka. Rawda akaacha kucheka. Akanishika bega akasema anajua.

Agosti 5

Bashshawish Dafalla amekuja ofisini. Amenyoa, amevaa kilemba kipya, amesimama mbele yangu mikono ubavuni.

"Afande, nimekuja kujieleza."

"Kaa, Bashshawish."

"Nitasimama, Afande. Mimi sikuwa na nia mbaya. Mama yako alinipa amri."

"Najua. Mimi nimezifuata amri zake tangu kuzaliwa."

Akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi gwarideni. "Nitamrudisha salama. Nikishindwa, uniweke ndani."

Kadhi naye amenitumia mtu: sharti la kila mtu kwake halifai kuandikwa, ndoa haiwekewi tarehe ya kwisha, hii si likizo. Mama amejibu kwamba basi tarehe isiandikwe, anayo moyoni. Mimi, kama mwana, ndiye walii wake wa kwanza. Nitamwozesha mama yangu kwa mdomo wangu. Ndoa ni tarehe nane, treni tarehe tisa.

Mjini wameshajua. Leo muuza kahawa amenipongeza kwa kupata baba.

Agosti 8

Naandika nikiwa nimelowa, na matope yamo mpaka masikioni.

Mto umekuja. Tulijua utakuja, ila si leo, na si kwa kishindo kile. Asubuhi ulikuwa umefika juu ya gati, na kabla ya adhuhuri tuta la mtaa wa chini lilianza kutoa maji. Nikawatoa askari wote, nikawatoa wafungwa wa gereza dogo wakabebe udongo, na wanaume wa mjini wakaja na majembe bila kuitwa. Wanawake walisimama kwenye mapaa ya nyumba wakipiga vigelegele kuwatia watu moyo. Nyumba za mtaa ule ni za udongo mtupu. Tuta likikatika, hakuna kitakachobaki wima.

Khojali alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, anapokea magunia na kuyapanga. Mafuta ya nywele yalikuwa yamekwenda na mto. Wafungwa wanampenda, anawatania, wanacheka huku wanabeba. Niligundua sijamsikia akilalamika hata mara moja tangu alfajiri.

Alasiri ikakaribia. Ndoa ilikuwa baada ya sala ya alasiri, maana Kadhi alikuwa na safari jioni na asingerudi kabla ya Jumapili. Bila ndoa leo, hakuna treni kesho. Bila treni kesho, hakuna meli. Na pale palipokuwa pabaya zaidi, ufa ulikuwa umefunguka upana wa mlango.

Nilisema nimtumie Kadhi ujumbe, tuache. Mungu hajapenda.

Khojali alitoka majini, ananidondoshea tope. "Afande, nenda ukamwozeshe mama."

"Huoni hali?"

"Naiona. Wewe utaongeza nini hapa? Koleo moja. Nenda. Mto ukileta fujo nitaukamata nikuwekee ndani."

Nikamwangalia. Nikaangalia ufa. Kisha nikavua ukanda wenye kishada cha funguo za ghala la silaha, nikavua filimbi shingoni, nikampa vyote mbele ya askari. "Mulazim Khojali, unashika wilaya mpaka nirudi."

"Naam, Afande."

Kaimu haruhusiwi kukaimisha. Nimekaimisha. Nilikimbia na mabuti yangu yanajaa maji, na kila niliyempita alidhani tuta limekatika.

Nilifika vivyo hivyo nilivyolowa. Mama alikuwa chumba cha ndani na wanawake. Nje, juu ya mkeka, Kadhi, mashahidi wawili, na Bashshawish amekaa mgongo wima. Nikaketi mbele yake na kumpa mkono wangu wa tope, naye akaushika bila kusita. Mkono ule ndio uliokuwa ukiniinua kiwiko pale kwenye shabaha, zamani, akisema "pumua kwanza". Nikapumua kwanza. Nikasema, "Nimekuozesha mama yangu, Toma binti Hamad, kwa mahari mliyopatana."

"Nimekubali, Afande."

Kadhi akakohoa. "Ondoa Afande. Sema tena, uitaje ndoa."

"Nimekubali ndoa yake," akasema, jasho linamtiririka, "Afande."

Kadhi akasema Mungu ataelewa. Wanawake wakapiga vigelegele ndani, na kule mtaa wa chini wengine wakawajibu wakidhani ni habari za tuta. Nikaingia kumbusu Mama kichwani. Aliniona nilivyo, akanifuta shavu kwa ncha ya tobu yake mpya. "Mwozeshaji gani mchafu hivi," akasema, huku macho yamejaa machozi. Mimi yangu yalikuwa yameshatoka, tope liliyasitiri.

Niliporudi, ufa ulikuwa umezibwa. Khojali aliona magunia yanasombwa, akatuma wafungwa nyumbani kwa Hikimdari, wakaviringisha rola la jiwe la kusawazishia uwanja wake wa tenisi, wakalizamisha palepale, na magunia yakapata pa kushika.

"Rola la Hikimdari!" nikasema.

"Afande, wakati huo Hikimdari nilikuwa mimi." Akanirudishia funguo na filimbi, akaenda kutapika maji ya mto pembeni.

Agosti 9

Wameondoka. Dafalla alibeba kila kitu, hata kapu la kisra kavu. Treni ilipoanza kwenda Mama alitoa mkono dirishani, na mimi nikaushika, nikatembea nao mpaka mwisho wa jukwaa. Dafalla aliniangalia juu ya bega la Mama, akaanza kupiga saluti, akasita, akapunga mkono.

Agosti 12

Leo nimejaribu kiti cha Hikimdari. Kina shimo la mgongo wa mtu mwingine. Kinaumiza kiuno.

Agosti 20

Mto unashuka. Khojali kapiga mluzi ofisini, nikamwachia.

Agosti 30

Leo ni siku ya Arafa. Nimefunga. Mchana kutwa nilikuwa naangalia jua lilipo, nikijua jua hilohilo liko juu ya kichwa chake. Sina wivu tena, au ninao kidogo. Nimemwombea Dafalla magoti.

Septemba 16

Bwana Hartnell amerudi. Amekonda, suti inamning'inia. Rufus alimrukia mpaka akamwangushia kofia. Nilimkabidhi funguo, naye akaniuliza swali analoniuliza kila mwaka, bila kutegemea jibu.

"Kuna lolote lililotokea, Mirghani?"

Kila mwaka mimi husema hakuna, Bwana. Safari hii nilisema, "Rola la tenisi limo mtoni, Bwana. Na mama yangu ameolewa."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki. "Ameolewa?"

"Alihitaji mtu wa kufuatana naye hija."

Akavua kofia aliyokuwa ameshaivaa. Akatazama kiti chake, hakukikalia, akakaa kwenye kile cha wageni. "Kwa sababu sikurudi."

"Ndiyo, Bwana. Mama Hartnell hajambo?"

"Yu hai. Hatarudi huku tena." Akamkuna Rufus masikio. "Mwaka kesho wewe utaondoka wa kwanza. Nitajie siku yoyote, nitatia sahihi."

"Nashukuru, Bwana. Ila mwaka kesho sina pa kwenda."

Tulikaa hivyo kidogo, wawili sisi, na kiti kikubwa kitupu. Kisha nikaona mbegu za waridi mezani. Mkewe alikuwa amempa aniletee, tena, naye alikuwa amezisahau hapo. Nikazichukua mwenyewe nikamshukuru. Nitazipanda.

Khojali hakuadhibiwa. Hikimdari aliuliza ni nani aliyewaza la rola, nikasema ni aliyekuwa akishika wilaya. Hakuuliza zaidi.

Oktoba 4

Nilikwenda stesheni na Khojali, na punda wawili wa kukodi: mmoja wa kumleta Mama nyumbani, mmoja wa kumpeleka Bashshawish kwake ng'ambo ya soko, kama walivyopatana.

Mama alishuka taratibu, amevaa nyeupe, amepungua, uso umetulia. Alikuwa ameshika mkono wa kanzu ya Dafalla na hakuuachia hata aliponikumbatia, hivyo tulikumbatiana watatu. Dafalla anachechemea. Nilimuuliza kulikoni.

"Nilianguka pale Arafa," Mama akasema. "Nilisema nitaanguka, si nilisema? Huyu akanibeba mgongoni mpaka kivulini. Goti moja likamwambia kwaheri."

"Si kitu, Afande," Dafalla akasema. "Liko lingine."

Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Kisha nikamvuta Mama pembeni, nikamnong'oneza kwamba punda wa Bashshawish yuko tayari.

"Wa kwenda wapi?"

"Kwake. Si ulisema mkirudi kila mtu kwake?"

Mama akamtazama mzee yule, amesimama wima kwa mguu mmoja, anailinda mitungi ya Zamzam. Akanigeukia.

"Amefanya kosa gani?"

"Hakuna, Mama."

"Basi umesikia wapi, wewe mtu wa serikali, mtu amekaimu vizuri namna ile halafu akarudishwa alikotoka?"

Khojali akageuka ghafla akawa anaangalia reli. Mimi nilichukua sanduku la Mama, nikawaambia wenye punda watupeleke sote nyumbani.